Maji Yasiyoganda

Zivania ni pombe ya kisiwa cha Saiprasi itokanayo na makapi ya zabibu, yaani maganda na mbegu zinazobaki baada ya kukamua divai. Makapi hayo pamoja na divai kidogo huchemshwa katika mtambo wa shaba uitwao kazani. Mvuke hupoozwa, na kinachodondoka upande wa pili ni kiangavu kama maji ya mvua. Aliyewahi kuiona gongo ya Tanzania au chang'aa ya Kenya hahitaji maelezo zaidi. Anayeyahitaji ni mtalii.

Balaa huanzia kwenye chombo. Nyumbani zivania huhifadhiwa mara nyingi ndani ya chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji, tena ndani ya friza. Mgeni aliyezunguka Nicosia mchana wa Julai, jua likikaribia nyuzi 40, akiiona chupa hiyo inavuja jasho la baridi, hujimiminia bilauri nzima. Laiti angejiuliza kwa nini maji yaliyolala friza usiku kucha hayajaganda! Ni kwa sababu asilimia 45 hivi ni kileo. Funda la kwanza hupita kabla ulimi haujapata habari. La pili hurudi kwa njia ya pua. Wazee wa kisiwani huitumia kuchua kifua mtu akishikwa na mafua, kwa hiyo aliyejimwagia shatini amepata matibabu ambayo hakuyaomba. Tangu 2004 Umoja wa Ulaya unalilinda jina la zivania lisitumiwe na wengine. Koo la mgeni halikutajwa.

Brandy sour nayo hujifanya chai. Ni brandi ya kisiwani, maji ya limau yenye sukari, matone machache ya dawa chungu ya mitishamba, soda na barafu, vyote katika bilauri ndefu. Inasimuliwa kwamba ilibuniwa miaka ya 1930 katika hoteli moja ya Platres, kijiji cha milima ya Troodos, kwa ajili ya Farouk, mfalme wa Misri, aliyetaka kunywa hadharani watu wakidhani ni chai ya barafu. Hila iliyomsitiri mfalme huwaumbua watalii: mtu huagiza ile "chai" aliyoiona meza ya jirani, huongeza ya pili kwa sababu ya joto, kisha hushangaa ngazi za hoteli zilivyoongezeka.

Commandaria hulaghai kwa utamu. Zabibu za vijiji 14 vya miteremko ya Troodos huanikwa juani mpaka zinyauke ndipo zikamuliwe, na divai yake hukaribia shira. Jina limetokana na himaya ya wapiganaji wa Msalaba waliokuwa na ngome yao Kolossi, karibu na Limassol. Ni ya glasi ndogo baada ya mlo. Anayemaliza chupa akishushia samaki huamka na maumivu ya kichwa ya tangu enzi za ngome hiyo.

Kahawa haina kileo, lakini ndiyo yenye aibu nyingi zaidi. Huchemshwa pamoja na unga wake katika kibirika kidogo chenye mkono mrefu, na sukari hutiwa humo humo, hivyo mteja hutamka mapema: sketos, bila sukari, metrios, ya wastani, glykos, tamu. Asiyejua huletewa chungu, huomba sukari, hukoroga kwa bidii, na mashapo yaliyokwisha tulia huibuka yote. Wapo wanaoinua kikombe mpaka tone la mwisho, kisha wakatabasamu kwa meno meusi. Mpwani aliyezoea vikombe vya kahawa chungu angejua pa kukomea. Kosa kubwa zaidi ni kuagiza "kahawa ya Kituruki" katika mkahawa wa Wagiriki wa kusini, katika kisiwa kilichogawanyika tangu 1974. Kahawa italetwa, ila mazungumzo ya meza ya pili yatakuwa yamekatika. Bilauri inayoandamana na kikombe hicho, safari hii, ni maji kweli.

Mwisho ni airani, mtindi uliozimuliwa kwa maji, ukatiwa chumvi na nanaa kavu. Mtalii huiona nyeupe, baridi, yenye povu, akadhani ni maziwa ya sukari, akabugia. Uso humkunjamana. Hunyoosha mkono kuomba maji, na mwenyeji, kwa ukarimu wote wa kisiwani, hufungua friza.