Sifa za Mshenga wa Philadelphia

Kila mtu anajua kusifu kasi. Matangazo ya kampuni za intaneti yamejaa duma, roketi na kijana anayecheka peke yake mbele ya kompyuta, na hata wazee wetu waliotulea kwa haraka haraka haina baraka siku hizi wanamwuliza fundi wa faiba watapata Mbps ngapi. Mimi leo nimekuja kumsifu yule anayepunguza. Hajaimbiwa taarabu, hajatungiwa utenzi, hana hata kichochoro kilichopewa jina lake. Kwa kazi aliyoifanya, naona tumemdhulumu.

Wako wengi wa kada hiyo, na wengi wao ni wa kawaida tu. Huku kwetu wapo wanaokuuzia kifurushi "bila kikomo", halafu ukishatazama filamu mbili kasi inashuka mpaka picha ya mtu inafunguka kwa zamu, utosi kwanza, macho baadaye, kidevu keshokutwa. Lakini hao wana dosari moja: wanatoa taarifa. Ujumbe unaingia kwenye simu kwamba umefikia kiwango cha matumizi ya haki, kasi imepunguzwa, bonyeza nyota ngapi sijui uongeze. Kumbana mtu huku unamwambia kwamba unambana ni kazi ya karani. Sanaa yenyewe ilifika kileleni Marekani mwaka 2007, mikononi mwa Comcast, kampuni ya kebo yenye makao yake Philadelphia, na hiyo ndiyo ninayoipigia vigelegele.

Kwanza tumtazame mkorofi aliyeyachokoza yote. Mwaka 2001 mtunga programu aitwaye Bram Cohen alitoa kitu alichokiita BitTorrent. Kabla yake, watu elfu wakilitaka faili moja walisongamana kwenye kompyuta moja, na ile kompyuta ikazimia. Cohen akalikatakata faili vipande vidogo, akamfanya kila anayepokea awe pia mgawaji: kipande ulichokwisha kukipata unampa mwenzio wakati wewe bado unatafuta vingine, anayetoa sana anapewa haraka, na kipande kilicho adimu ndicho kinachokimbiliwa kwanza. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha mazoea yote ya foleni, kwamba kadiri wanaotaka wanavyozidi kuwa wengi ndivyo kitu kinavyofika upesi. Kwa njia hiyo watu walisafirishiana filamu na nyimbo za wizi kwa wingi, hilo halina ubishi. Kwa njia hiyohiyo walipeana Linux, na kampuni ya Blizzard ikawafikishia wachezaji wa World of Warcraft masahihisho ya mchezo wao.

Sasa mtazameni mteja huyu kwa jicho la kampuni ya kebo. Kebo ililetwa majumbani kwa ajili ya televisheni, na televisheni inataka mtu akae, atazame, alipe. Hata ilipoanza kubeba intaneti, njia ya kuteremshia mzigo ilikuwa pana na ya kupandishia ilikuwa nyembamba, tena ile nyembamba wanaichangia majirani wa mtaa mzima. Halafu anatokea mtu anaacha kompyuta ikikesha, inawagawia vipande watu wasiojuana naye walioko Osaka na Stockholm. Mteja aliuziwa mdomo, yeye akaota mkono!

Mtu wa akili ndogo angefanya mambo ya kuchosha. Angepanua njia, au angepandisha bei, au angewaandikia wateja barua kwamba mwisho wa kupakia ni kiasi fulani kwa mwezi. Yote hayo yanahitaji kumwambia mteja kitu. Comcast haikujishusha hivyo. Ilitumia mitambo ya Sandvine, kampuni ya Waterloo huko Kanada, na hapa naomba tutulie, maana uzuri wa kazi uko katika utendaji wake.

Kompyuta mbili zinapotaka kupeana kitu kwenye intaneti husalimiana kwanza, zikakubaliana, ndipo mzigo ukaanza kwenda. Mojawapo ikitaka kuvunja mazungumzo ghafla, inatuma pakiti ndogo yenye alama ya RST, ambayo maana yake ni kwamba nimekata, usinijibu. Inayoipokea haibishani wala haiulizi sababu, inakata na kusahau. Ule mtambo uliketi katikati ukinusa. Ukihisi kwamba hawa wawili wanapeana vipande vya BitTorrent, unamwandikia wa huku RST kwa jina la yule wa kule, na wa kule RST kwa jina la huyu wa huku. Huyu ni mshenga aliyetumwa kupeleka posa, akafika kwa wazazi wa binti akasema bwana ameghairi, akarudi kwa bwana akasema binti hataki, na kote akaacha barua yenye sahihi ya upande wa pili. Familia mbili zinalala zimenuniana, mshenga anakula pilau kwenye nyumba zote mbili.

Nani kati yetu ana unyenyekevu wa namna hiyo? Binadamu akifanya kitu kidogo anataka kibao cha uzinduzi na utepe wa kukata. Huyu alikata mazungumzo ya watu wasio na hesabu, na kila mara sifa akamwachia mwingine. Mteja alikaa mbele ya kioo akiona wenzake arobaini wameunganika naye, wakabaki saba, wakabaki wawili, safu ya kasi ikasoma sifuri, kisha idadi ikapanda kidogo na kuporomoka tena. Akalaumu kompyuta yake. Akalaumu programu ya kuzuia virusi. Akazima modemu, akaiwasha, akaipapasa kama ina joto. Akamlaumu yule wa Stockholm, ambaye naye alikuwa amekaa akimlaumu yeye.

Mshenga angekufa na siri yake, kama si waimbaji wa kinyozi. Marekani kuna mtindo wa zamani wa watu wanne kuimba bila ala, sauti zikipandiana, uitwao barbershop, na mhandisi mmoja wa Oregon, Robb Topolski, ni mpenzi wake mkubwa. Alikuwa na rekodi za kale, za zamani kiasi kwamba hakimiliki zilikwisha muda, akataka kuwagawia wapenzi wenzake. Haziendi. Ila huyu, kwa bahati mbaya ya mshenga wetu, alikuwa anaijua mitandao kwa kazi. Akazinasa pakiti zinazoingia na kutoka kwake, akazisoma moja moja, akazikuta RST zisizo na mwenyewe. Mei 2007 akatangaza alichokiona. Baadaye wanaharakati wa Electronic Frontier Foundation walipima kwa kunasa pakiti ncha zote mbili kwa wakati mmoja, na daftari za pande mbili zikakataana waziwazi: huyu kaandika nimepokea RST kutoka kwa fulani, na kwa fulani hakuna RST yoyote iliyotumwa.

Wengine wanasema ni aibu kwa kampuni kubwa kupambana na wazee wanne wanaoimba bila gitaa. Mimi naona hapo hakuna upendeleo, na upendeleo ndio unaotumaliza kila mahali. Oktoba mwaka huohuo shirika la habari la Associated Press lilifanya majaribio yake, likachagua faili ambalo hakuna mwenye studio angeweza kulilalamikia, Biblia ya Kiingereza ya King James. Walijaribu mara tatu. Mara mbili Biblia ilizuiwa, na mara ya tatu ilianza kusafiri baada ya kungojeshwa dakika 10. Mwizi wa filamu na Kitabu cha Mwanzo walisimamishwa mlango mmoja, wakakaguliwa kwa adabu ileile. Hata watu wa maofisini waliokuwa wanatuma barua zenye viambatanisho kwa programu ya Lotus Notes, watu wasiojua torrenti ni mdudu gani, baadhi yao walipata sehemu yao ya baraka.

Comcast ilipobanwa yenyewe ilieleza kwamba haizuii chochote, inachelewesha tu, tena kwa faida ya majirani. Niseme ukweli, hoja ya majirani si ya kubeza. Njia ya kupandishia kwenye kebo ilikuwa nyembamba kweli, na wachache wanaokesha wangeweza kuijaza, jirani akashindwa hata kupiga simu ya intaneti. Mtu akitaka kumtetea mbana kasi kwa dhati aanzie hapo. Lakini utetezi huo unamshusha hadhi, unamfanya askari wa barabarani. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipochunguza iliona kwamba mitambo ile ilikata watu hata pasipokuwa na msongamano, bila kujali saa. Kusafisha foleni wakati barabara imejaa hata trafiki wa kwetu anaweza. Kusimamisha gari barabara ikiwa tupu kunahitaji kipaji.

Na kulikuwa na sadfa ambayo Tume haikuipita kimya, kwamba Comcast ilikuwa inauza televisheni na filamu za kuagiza, na BitTorrent ilikuwa inawafikishia watu video bila kupitia dukani kwake. Kampuni moja ya kusambaza video kwa njia hiyo, Vuze, ilipeleka maombi kwa Tume Novemba 2007. Sadfa ni sadfa. Sisi waswahili hatupendi kuchunguza sahani ya mwenzetu.

Februari 25, 2008, Tume ilikwenda kusikiliza wananchi katika Chuo cha Sheria cha Harvard. Ukumbi ukajaa mapema, wengine wakafungiwa nje, na baadaye Comcast ikakiri kwamba ililipa watu kuwashikia wafanyakazi wake nafasi. Baadhi ya waliokaa vitini walipigwa picha wakiwa wamesinzia. Huo ndio uthabiti ninaouheshimu. Shauri linahusu wachache kujaza njia hadi wengine wakose kupita, na mshitakiwa, badala ya kubadili tabia mbele ya hakimu kama wanavyofanya watu wenye haya, anaionyesha palepale kwa viti.

Agosti 1, kwa kura tatu dhidi ya mbili, Tume chini ya Kevin Martin iliamua kwamba mchezo ule ukome na kampuni iweke wazi inavyousimamia mtandao wake. Faini haikutoza. Hapo ndipo sanaa ilipoporomoka. Kufikia mwisho wa mwaka Comcast ilikuwa imehamia mfumo usiotazama umebeba nini, unaotazama tu nani kajaza njia wakati wa msongamano, ukimpunguzia huyo kwa muda. Kuanzia Oktoba ikatangaza hadharani, kwa maandishi, kikomo cha GB 250 kwa mwezi. Kwa maandishi! Kutoka kughushi sahihi za watu wawili kwa pigo moja hadi kubandika bei mlangoni kama duka la vifaa vya shule. Kampuni ilikwenda hata hivyo mahakamani, na Aprili 6, 2010, Mahakama ya Rufani ya Washington ikasema kwamba Tume haikuwa na mamlaka iliyodai. Mshenga hakusafishwa wala hakuhukumiwa. Aliyemkemea ndiye aliyeambiwa kwamba si mjomba wa bibi harusi.

Lakini jambo linaloniudhi kuliko hukumu zote ni walilolifanya wahandisi. Wale wa BitTorrent waliketi wakatengeneza namna ya kusafirisha ambayo programu yenyewe inapima pakiti zinachukua muda gani njiani. Ikiona ucheleweshaji unaanza kuongezeka, inajipunguza yenyewe, simu ya jirani ikapita bila yeye kujua kulikuwa na mzigo. Mbinu ya namna hiyo ilichapishwa mwaka 2012 kati ya nyaraka za IETF, wale wanaoandika kanuni za intaneti, kwa namba 6817. Yaani taabu ya majirani iliweza kupunguzwa bila kumdanganya mtu, na walioipunguza ni walewale wakorofi. Sijui mbana kasi mwenye heshima zake anaishije na habari kama hiyo.

Fidia nayo ilikuwepo, tusiseme haikuwepo. Wateja waliungana wakafungua kesi, na mwishoni mwa 2009 Comcast ikakubali kutenga dola milioni 16, bila kukiri kosa lolote, kila mdai aliyestahili akiahidiwa hadi dola 16. Waliotumia BitTorrent na ndugu zake walihesabiwa kuanzia Aprili 2006 hadi Desemba 2008, na wale wa Lotus Notes wakapewa dirisha lao la miezi michache ya 2007. Ili kuzipata, mteja alitakiwa ajaze fomu athibitishe kwamba katika kipindi hicho alijaribu kumtumia mtu faili likashindikana, na kampuni iliyozipeleka zile RST kwa jina lake haikutakiwa kuthibitisha kitu.