Sifa za Modemu ya Simu

Mkongo wa intaneti wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulipoanza kazi Julai 2009, sifa zote zilikwenda baharini. Hakuna aliyekumbuka kulishukuru boksi dogo lililokoroma juu ya meza zetu hapa Mbuya, Kampala, lenye vitaa vyekundu na waya mmoja wa simu. Deni hilo nalilipa leo.

Nianze na unyenyekevu wake. Boksini iliandikwa kilobiti 56 kwa sekunde, lakini haikujivuna hata siku moja kwa kuzifikia. Ilikuwa na sababu za kisomi. Kiwango cha V.90, cha mwaka 1998, hutaka njia iwe ya kidijitali mpaka kituo cha simu cha mtaa, shaba ibaki kipande cha mwisho tu, kifupi na safi. Hata Wamarekani, kwa kanuni zao za nguvu ya mawimbi, waliishia 53. Sisi wa mlimani, ambao waya wetu ulipita juu ya michongoma umeungwaungwa na kuviringishwa utepe, tulipopata 28.8 tulikaribisha wageni. Megabaiti moja kwa dakika tano hivi! Mtu aliweza kupakua wimbo, akaosha vyombo, akaswali, akarudi akaukuta bado njiani, mzima wa afya.

Fadhila yake kubwa ilikuwa kwamba kasi yake ilitafutwa kwa mkono. Nyumba ilikaguliwa. Simu ya chumbani ilichomolewa, kwa kuwa kila simu ya ziada ilipunguza nguvu ya mawimbi. Waya mrefu uliozunguka kabati ulibadilishwa kwa mfupi. Vijipini vya shaba vilivyoshika kutu ya kijani vilisuguliwa kwa kifutio cha mtoto wa shule. Mvua ikipanda kutoka ziwani, upande wa Luzira, maji yakaingia kwenye maungio, kasi ilishuka na hapo hapakuwa na dawa. Hata hivyo modemu ilitoa taarifa kwa sauti. Mwenye sikio alisikiliza ule mluzi wa mwanzo, kisha mikwaruzo, akajua kabla kioo hakijasema: leo ni 31, au leo tulale.

Na ilitii. Kambini huku kwetu askari huambiwa "mguu sawa". Yenyewe iliambiwa AT, herufi mbili zilizokuja na Smartmodem ya Hayes mwaka 1981. ATM0, nayo hunyamaza watoto wasiamke. Lakini hekima yake ya juu kabisa ni hii: modemu nyingi, ukiziandikia AT+MS=V34, ziliacha kuhangaikia 56, zikatulia chini, na kurasa zikafunguka haraka zaidi. Kwenye waya mchafu, anayeng'ang'ania kasi ya juu hukosea, hurudia alichotuma, kisha husimama kujadiliana upya na mwenzake wa upande wa pili, nawe sekunde zako zinakwenda. Nijuavyo mimi, hakuna mbunge aliyewahi kufundishika hivyo kwa mstari mmoja.

Tena ilibeba lawama zisizo zake kimyakimya. Siku hizo mawasiliano ya Kampala na dunia yalipitia setilaiti, kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi peke yake ni nusu sekunde, kabla modemu haijatia neno. Nani alipigwa kofi? Setilaiti haifikiki, boksi liko karibu.

Sitasema mengi kuhusu bili, iliyohesabiwa kwa dakika, ila nayo ilitupa adabu. Barua ziliandikwa kwanza bila kuunganishwa, picha zilizimwa kwenye kivinjari, na shangazi aliyeinua simu ya sebuleni saa mbaya alikata mazungumzo ya mabara mawili kwa kidole kimoja. Mtandao wa leo unakatwa na mtu usiyemjua, na ukimtafuta unaambiwa usubiri kwenye laini, wimbo unapigwa.

Wanaodhani imekufa wameangalia boksi tu. Vile vijiti vya USB vya intaneti vilivyouzwa mjini baadaye vilipiga simu kwa amri ileile ya ATD. Na simu ya kisasa uliyoshika, kule ndani kabisa, chipu inayozungumza na mnara kwa kawaida bado inaelewa AT, na ikiamriwa hujibu vilevile: OK.