Namna ya Kuuhoji Mtungi Unaovuja Mpaka Useme Kweli

Kabla ya swali la kwanza, mjue unayemhoji. Mitungi ina tabia mbili, na ukiuuliza mmoja swali la mwenzake utapewa jibu la uongo ulipokee kwa mikono miwili. Kuna mtungi ulioshindiliwa gesi tupu, kama ule wa oksijeni wa fundi wa kuchomelea au ule wa gesi asilia unaobebwa na bajaji za Dar es Salaam. Na kuna mtungi wa jikoni. Huo ukiutikisa unasikia kitu kinachezacheza ndani, kwa sababu gesi yake imelala ikiwa kimiminika, na juu yake umekaa mvuke.

Anza na wa oksijeni, maana huo ni mkweli wa kuzaliwa. Chukua wa lita 40 wenye presha ya bar 150. Ndani yake mna oksijeni kama kilo 8, kwa hiyo kila kilo imeangukiwa na lita 5 za nafasi. Hiyo nafasi ya kila kilo ndiyo wataalamu wanaiita ujazo mahususi. Sasa vali ivuje polepole, taratibu kabisa, mpaka nusu ya gesi iondoke. Chuma hakikunywea wala hakikutanuka: lita ni zilezile 40. Waliobaki ndio wamejinafasi, kila kilo ina lita 10, na geji imeshuka hadi kwenye bar 75. Presha imegawanyika mara mbili na ujazo mahususi umeongezeka mara mbili, ukizizidisha unapata jibu lilelile.

Hapa mwanafunzi huitaja kanuni ya Robert Boyle ya mwaka 1662, na hana kosa, mradi akumbuke kwamba Boyle alipima hewa iliyofungiwa asitoke mtu. Mtungi unaovuja unatoa watu kila sekunde. Kwa hiyo usiulize habari za gesi yote. Uliza habari za kilo moja iliyobaki ndani, na kanuni itakutumikia vizuri, almuradi joto halibadiliki.

Ndiyo maana usimhoji shahidi aliyetoka mbio. Vali ikifunguliwa ghafla, gesi inayobaki hutanuka kwa nguvu yake yenyewe na kupoa. Tuseme nusu imetoka upesi kiasi kwamba chuma hakikuwahi kuirudishia joto: kwa hesabu, kutoka nyuzi 20 ingeshuka mpaka karibu nyuzi 50 chini ya sifuri, na geji ingesoma kama bar 57 badala ya 75. Katika mtungi halisi chuma huwahi kutoa joto, kwa hiyo anguko huwa dogo kuliko hilo. Lakini subiri kidogo uone: mshale wa geji unapanda wenyewe, na hakuna aliyeongeza hata punje ya gesi. Mtungi umepata joto tu. Mpe muda apumue ndipo uandike.

Shahidi huyu ana uungwana mwingine: anachoka. Presha ya ndani ikiwa zaidi ya karibu maradufu ya hewa ya nje, kasi ya kutoka kwenye tundu hutegemea presha ya ndani peke yake. Ikishuka, uvujaji nao unapungua. Muda uliotumika kutoka bar 150 hadi 75 ndio takriban utakaotumika kutoka 75 hadi 37. Na geji ikifika sifuri usimwite mtupu, kwani lita 40 za oksijeni zimo bado, zikilingana tu na hewa ya nje.

Sasa mlete wa jikoni, na ujifunge kibwebwe.

Ili hesabu ikae sawa, tuseme ni mtungi wa lita 15, una kilo 6 za propani, na joto la chumba ni nyuzi 30. Mtegee geji: inasoma kama bar 10. Toa kilo 3, uache utulie, uulize tena: bar 10. Bakisha kilo moja: bar 10! Ukienda kwa geji, utaapa kwamba hakuna kilichoibwa. Kumbe kila mvuke unapotoka, kimiminika kinachemka kidogo na kuziba pengo, na presha inawekwa na joto la kimiminika, haiwekwi na wingi wake. Siku ya nyuzi 20 mtungi huohuo, ukiwa umejaa au umebaki robo, utasema bar 7 na ushee.

Ujazo mahususi lakini hauwezi kuficha. Mwanzoni kila kilo ilikuwa na lita 2.5. Zilipobaki kilo 3, lita 5. Tone la mwisho la kimiminika linapokauka, kila kilo ina kama lita 43, na kilichobaki ndani ni theluthi ya kilo hivi. Kuanzia hapo ndipo presha inaporomoka kama ile ya oksijeni, na ndipo mpishi hushangaa moto kukata wali ukiwa nusu. Mitungi ya madukani ina mchanganyiko wa propani na butani, na propani hutangulia kutoka, kwa hiyo presha hulegea kidogo njiani. Hata hivyo huo mlegeo haukwambii kilo ngapi zimebaki.

Hili linanikera kuliko yote, nalo ndilo sababu ya mwongozo huu: mtungi wa jikoni hauchoki kuvuja. Maadamu kimiminika kimo, presha ni ileile, na tundu dogo la leo litatoa kesho kwa kasi ileile. Na tazama kilichotoka kinakuwa nini: kilo moja ya kimiminika, iliyokuwa inakaa kwenye lita 2 na kitu, ikifika hewani inadai zaidi ya lita 500. Jiko la mita tatu kwa tatu lenye kimo cha mita mbili na nusu linahitaji kama lita 450 tu kufikisha asilimia 2, na kwa kiwango hicho cheche inatosha. Tena propani ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya, haingojei chumba kizima kijae.

Kwa hiyo muulize kwa vyombo vinavyomjua. Pua kwanza: ile harufu mbaya imetiwa kusudi. Ukiisikia, funga vali, fungua milango, usiguse swichi ya kuwasha wala ya kuzima, toa watu na mtungi nje. Kisha povu la sabuni kwenye vali, kwenye regulata na kila mpira unapoungwa. Mapovu yakifura, umepata mdomo wa siri. Njiti ya kiberiti haina kazi hapa, hata nje. Kuulaza mtungi ubavu ili "umalizike" kunapeleka kimiminika kwenye mpira badala ya mvuke, na hicho kikifika kwenye jiko hutoa moto usioweza kuutawala.

Mwisho ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma. Pima, toa, unapata kilo zilizomo bila kuomba ruhusa ya presha. Fanya hivyo dukani mbele ya muuzaji siku unayonunua, andika uzito na tarehe kwenye kipande cha plasta, ubandike ubavuni. Ukisafiri, funga vali. Ukirudi pima tena kabla ya kuwasha, na ukikuta umepungua, urudishe kwa aliyekuuzia pamoja na ile plasta.