Sifa za Fomu

Asifuye mvua imemnyea. Mimi fomu zimeninyea mpaka soksi, kwa hiyo nina haki ya kuzisifu, na leo nazisifu kwa wino mweusi, kwa herufi kubwa, bila kutoka nje ya visanduku.

Sifa ndogondogo nizipitie haraka. Fomu haili, haikopi, haiombi nauli. Haina ukabila: Mfante, Mwashanti, Mdagomba na Msukuma huwaingiza wote katika kisanduku kimoja cha "Mweusi, Mwafrika" na kuwafungia humo kwa amani. Hunyoosha mwandiko. Hufundisha subira, na nawajua wanafunzi waliofundishwa subira hiyo mpaka muhula ukaanza wao wakiwa bado wanaangalia simu.

Lakini sifa yake kuu, ile inayostahili kughaniwa, ni upendo. Chini ya jua hili hakuna anayetaka kukujua kama fomu inavyotaka. Mama yangu mzazi, aliyenibeba na kuninyonyesha, hajawahi kuniuliza nilikuwa nchi gani miaka tisa iliyopita, niliingia tarehe ngapi, nikatoka tarehe ngapi, na huko nilifuata nini. Fomu imeniuliza. Wakwe huzunguka mbuyu kutwa nzima kabla ya kugusia mshahara. Fomu huuliza mshahara ukurasa wa nne, na ukurasa wa tano inauliza unautumiaje. Na ukishamaliza kuieleza yote hayo, haijifanyi kwamba imetosheka. Inakuuliza tena jina lako.

Ukubwa wa mapenzi haya niliujua vizuri nilipokaa nyumba moja na Mghana mmoja katika mji wa kaskazini mwa Uingereza, sote wawili tukisomea shahada ya uzamili. Hapa nitamwita Jumanne. Si kumficha tu, bali ndiyo siku aliyozaliwa, na kwa Waakani siku humpa mtu jina kabla babu na kanisa hawajaleta ya kwao. Mwanamume wa Jumamosi ni Kwame, wa Ijumaa ni Kofi, wa Jumanne ni Kwabena. Binti wa Alhamisi ni Yaa. Sisi wenye akina Juma, Khamisi na Mwanajuma hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Jioni, kipasha joto cha ukutani kikiwa kimezimwa na mwenye nyumba kwa mbali, Jumanne alikuwa analoweka gari yake kwenye bakuli: unga wa muhogo uliokaangwa, maji baridi, sukari, maziwa, karanga juu. Chupa ya shito, ile pilipili nyeusi ya Kighana, aliyopewa na dada yake ilikaa katikati ya meza na ilitembea na chochote, hata mkate. Kisha angefungua kompyuta, atazame kwa muda, aseme: "Chale," yaani rafiki, "wanataka kunijua tena."

Alikuwa ameshaanza kujulikana kabla hajapanda ndege. Akiwa Accra, fomu ya viza ilimtaka tarehe ya kuzaliwa ya baba yake. Akampigia mzee simu Cape Coast. Mzee akajibu bila kusita: Jumamosi, mwaka ule nchi ilipokuwa jamhuri. Mwaka huo ni 1960, nao ulikuwa na Jumamosi 53. Ikabidi itafutwe kadi ya kupigia kura, yenye tarehe aliyoikadiria karani fulani aliyekuwa na foleni ndefu nje. Jumanne akaijaza hiyo. Baadaye, jikoni kwetu, tulifungua kalenda ya zamani tukaona tarehe ile iliangukia Jumatano. Mzee wa watu, zaidi ya miaka sitini anaitwa Kwame na majirani wote, kumbe mbele ya serikali ya Uingereza ni Kwaku.

Asijali, yuko na wenzake wakubwa. Kwame Nkrumah, kama jina lisemavyo, alizaliwa Jumamosi. Mama yake hakuwa na tarehe, alikuwa na siku, na siku ilimtosha. Padri aliyembatiza ndiye aliyekuwa na daftari la kujaza, na kwa kuwa daftari halikuwa na nafasi ya kuandika siku, akakadiria: 21 Septemba 1909. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nkrumah mwenyewe aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba Jumamosi ya karibu na hapo ilikuwa tarehe 18. Unadhani nani alishinda, mama au daftari? Mpaka leo Ghana humkumbuka mwasisi wake tarehe 21 Septemba, na taifa zima limewahi kulala mpaka saa nne asubuhi kwa heshima ya makisio ya padri.

Nkrumah naye alikuwa mwanafunzi ughaibuni. Mwaka 1935 alikwenda Marekani kusoma Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, na kwa kuwa ada haikujua kwamba yeye ni kiongozi wa kesho, aliuza samaki mitaa ya Harlem na kuosha vyombo melini. Mwaka 1945 akavuka kwenda London, na Oktoba ya mwaka huo alikuwa Manchester kwenye Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika, ukumbi mmoja na Jomo Kenyatta, ambaye hata mwaka wake wa kuzaliwa wanahistoria bado wanaugombania. Watu wamekuja kudai uhuru wa bara zima, na wawili kati yao, wakuu wa nchi watarajiwa, wasingevuka kisanduku cha pili. Aliyebahatika ni Kofi Annan, aliyekwenda kusoma Minnesota mwaka 1959: tarehe 8 Aprili 1938 ilikuwa Ijumaa kweli, na jina lake la kati, Atta, linaongeza kwamba alizaliwa pacha. Maneno mawili, na nusu ya fomu imejaa.

Turudi kwenye upendo, maana sijaumaliza. Wapenzi wa kawaida huomba picha ya sura. Fomu iliomba picha ya mapafu. Mghana anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu kwanza, kama Mtanzania na Mkenya, na Jumanne alivua shati mbele ya mashine akiwaza kwamba hata mke wake hajamwona ndani kiasi kile. Kisha fomu ikataka kujua moyo wake. Je, umewahi kushiriki katika ugaidi? Uhalifu wa kivita? Mauaji ya kimbari? Mimi nami niliulizwa, na nakiri nilijisikia vizuri: siku nzima hiyo sikuwa nimefanya lolote la maana, na fomu ikanikumbusha kwamba angalau sijaangamiza kabila la mtu. Swali hili lingeulizwa kila asubuhi, wengi tungeanza siku na kichwa juu.

Upendo huo una wivu, sharti niseme. Ukidanganya, unaweza kufungiwa mlango miaka kumi. Jumanne alilishika hilo vizuri mno. Wiki ya kukaribisha wageni tulikalishwa kwa duara, na kijana mchangamfu mwenye fulana ya chuo akatutaka kila mmoja ataje mambo matatu kuhusu nafsi yake, mawili ya kweli na moja la uongo, wenzake wabahatishe. Binti wa Ureno alisema amewahi kuumwa na farasi. Zamu ya Jumanne ilipofika, akasimama wima akasema: nimezaliwa siku ya Jumanne, nina binti wa miaka minne, na sijawahi kufanya uhalifu wa kivita. Duara likanyamaza. Kijana wa fulana akauliza kwa upole lipi ni la uongo. "Hakuna," akajibu. "Nimetia saini."

Wala tusijidanganye kwamba mapenzi ya namna hii ni ya ughaibuni peke yake. Nyumbani nimewahi kutakiwa barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba mimi ni mimi, na mwandishi wa barua hiyo alilazimika kuniuliza jina langu ili aweze kuthibitisha kwamba ananifahamu. Nikalipia na muhuri.

Fomu pia ni mwalimu wa lugha. Jumanne amesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Bunge la nchi yake linabishana kwa Kiingereza, hakimu anafunga watu kwa Kiingereza. Lakini Ghana haimo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza inakubali bila mjadala kwamba watu wake wanakijua. Kwa hiyo fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikijibiwa kwa Kiingereza, ikamtaka alete ushahidi kwamba anajua Kiingereza.

Na ni mtaalamu wa ukoo, kuwazidi hata Waakani wenyewe. Kwa Wafante, Waakani wa akina Jumanne, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mtu anayeitwa kwenye kikao kukiwa na jambo la ada ni mjomba. Mjomba wa Jumanne aliitika, akaweka pesa. Fomu ikasahihisha mila: pesa iwe kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi au ya mlezi wa kisheria, na ikae humo siku 28 mfululizo bila kupungua chini ya kiwango. Mjomba si mzazi. Pesa ikahamishwa, hesabu ikaanzia sifuri, na kwa siku zote hizo 28 sedi ya Ghana ikawa inateleza dhidi ya pauni, Jumanne akiamka usiku kutazama bei kama daktari anayemtazama mgonjwa wa dripu. Siku ya 25 mjomba akaongeza kidogo, asije akapungukiwa kwa tofauti ya thamani. Huyo mjomba asiyetambulika.

Halafu kuna ada ya afya. Pauni 776 kwa kila mwaka, inalipwa mapema, kabla hujakohoa. Mpaka Februari 2024 ilikuwa 470. Nilitaka kuitaja kama sifa, kwamba fomu inajali afya zetu, ila nimeshindwa. Unalipa ada ya viza ili uulizwe maswali, unalipa kipimo ili ujibu swali moja, unalipa afya ili uruhusiwe kuugua, kisha unafika na kukuta kliniki, benki, mwenye nyumba na chuo wote wanakutolea karatasi tupu, kana kwamba yale yote uliyaeleza ukuta. Benki iliyo karibu nasi ilitaka uthibitisho wa anwani. Mwenye nyumba alitaka akaunti ya benki. Kila mmoja alimtuma Jumanne kwa mwenzake kwa tabasamu, kwa wiki nzima na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyeona aibu. Mwenye nyumba alitaka tena mdhamini anayeishi Uingereza, mwenye kazi; asipokuwepo, lipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mjomba akapigiwa simu.

Wenye ofisi hizi si watu wabaya. Wana vikombe vyenye majina yao, wanasema "samahani kwa usumbufu" kwa sauti laini kabisa. Ila kila mmoja anaamini kwamba mgeni ni mtu asiye na kazi ya kufanya isipokuwa kujieleza, na kwamba kila akijieleza mara moja zaidi nchi inakuwa salama zaidi. Mimi sioni hivyo. Naona dawati linalomwogopa dawati la jirani, na gharama ya woga huo inalipwa na mjomba aliyeko Cape Coast, kwa sedi.

Kuna swali moja sikuwahi kumwona Jumanne akilifanyia mzaha. Fomu ilimuuliza ni akina nani wanaomtegemea. Akaandika jina kamili la binti yake, jina la Alhamisi likiwa mbele, tarehe, uhusiano, kama wanaishi pamoja. Ilikuwa mwaka 2024. Tangu mwezi Januari mwaka ule, mwanafunzi wa uzamili wa masomo ya darasani haruhusiwi tena kwenda na mwenzi wala watoto. Kanuni ilishapitishwa, iko wazi, na kila aliyeitunga fomu anaijua. Basi mnamuulizia nini mtoto? Mnataka jina lake la nini, kama jibu mnalo? Kila jioni saa moja Jumanne alikuwa anaegemeza simu kwenye chupa ya shito, na mtoto upande wa pili anamwonyesha jino, kiatu, paka wa jirani, yaani habari binafsi zisizohitaji kiambatisho. Sisi wengine tulihamia sebuleni bila kuambiwa.

Masomo yalipokaribia kwisha ikaja fomu nyingine, hii ya bure. Chuo kilitaka kujua tuliridhika kiasi gani, kuanzia moja hadi tano, na kama tungewashauri marafiki nao waje. Mwishoni kulikuwa na kisanduku kikubwa cheupe: tueleze jambo lolote kuhusu wewe ambalo ungependa tulijue. Jumanne alikitazama kwa furaha ya mtu aliyengojea mwaka mzima. Akavuta kiti, akaandika kwa dakika arobaini kwa Kifante, kwa sababu walisema lolote, akitumia zile herufi za kwao zinazofanana na c na 3 zilizogeuzwa. Sijui aliandika nini. Alikuwa anacheka peke yake. Akabonyeza tuma.

Ukurasa ukarudi na maandishi mekundu juu: umetumia herufi zisizokubalika, tafadhali sahihisha kisha ujaribu tena.

"Chale," akasema, akanisogezea bakuli la gari, "nipe tano kila mahali tukalale."