Pua ya Mkaguzi Mkuu

Ndugu yangu uliyeoa, wewe utanielewa. Nyumba yetu hapa Unguja huongozwa na pua. Mke wangu, ambaye watoto wamembandika jina la Mkaguzi Mkuu, alikuwa akijua maziwa yameanza kuchacha kabla jagi halijafunuliwa. Kaka yake, Mzee wa Visingizio, hakuwahi kuvuka kizingiti na sigara yake ikafichika. Ikaja Korona. Homa ikapita, kikohozi kikapita, pua ya mke wangu ikabaki imekufa ganzi.

Tulitaabika. Siku moja mpira wa gesi ulikuwa unavuja naye kasimama papo hapo anapepeta mchele, hasikii harufu yoyote. Niliogopa mno. Tangu hapo kitinda mimba wetu, Wakili, amejiteua mlinzi wa jiko, na kiberiti hakiwashwi mpaka atoe idhini.

Daktari wa masikio, pua na koo alitueleza kuwa kirusi hiki hushambulia zaidi seli zinazozitegemeza neva za kunusa, juu kabisa ndani ya pua. Neva hizo huweza kuchipua upya, lakini zikichipua huweza kupotosha harufu. Basi ndiyo yakatufika ya vitunguu! Kitunguu kikikaangwa, kwake mzoga. Kahawa, mzoga. Tukawa watu wa samaki wa kuchemsha. Mama mkwe, ambaye bila kahawa kichwa humuuma kutwa, akahamishia birika lake uani, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Dawa tuliyopewa ni mazoezi. Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyaandika mwaka 2009: waridi, limau, mkaratusi na karafuu, kunusa kimoja kimoja asubuhi na jioni kwa wiki 12. Karafuu, jamani! Shangazi wa mke wangu wa Pemba aliposikia, alileta pakacha zima, akashangaa kwamba watu wameifuata tiba Ulaya. Waridi tulilitoa kwenye mrashi wa harusi yetu. Wakili naye akawa anabadilisha vifuniko vya vichupa, ati anampima mama yake, mpaka bibi yake akamvuta sikio.

Sasa karafuu Mkaguzi Mkuu anaisikia sawasawa, na limau kwa mbali. Jioni ile ya kwanza alikishika kichupa, akacheka huku analia, nami nikalia pia. Mama mkwe akaona hiyo ndiyo nafasi, akaombea kitunguu msamaha. Ombi limekataliwa. Tumeambiwa tungoje mpaka Idi, na shangazi ameshaahidi pakacha la pili.