Mheshimiwa wa Juu ya Friji

Washairi wamesifu ngamia, majahazi na macho ya wapenzi wao. Ruta hakuna aliyeikumbuka. Mimi, mpiga picha za harusi hapa Munuki, Juba, nalipa deni hilo kwa kisanduku cheusi chenye antena mbili, moja imefungwa selotepu, kinachokaa juu ya friji yangu. Mjusi huja kulala mgongoni mwake kuota joto. Mjusi anajua kuchagua.

Nianze na ushujaa wake. Kuna mitandao ya kuhifadhi mafaili bila kuyaweka mahali pamoja, kama Storj, inayojivunia kwamba hakuna mashine moja ambayo ikizimwa yote yanapotea. Kwa hesabu ya Storj iliyozoeleka, kila fungu la faili hufungwa kwa msimbo wa siri, likakatwa vipande 80 na kutawanywa kwenye kompyuta za watu duniani. Vipande 29 vyovyote vikipatikana, fungu limerudi zima. 51 vingine na viungue. Januari 2025, kufunga Facebook na TikTok nchini hapa kulihitaji amri ya serikali kwa kampuni za simu, na baada ya siku chache amri ikaondolewa. Ruta yangu haihitaji barua. Mtandao usiozuilika inauzuia peke yake, kwa umeme wa sola ya mkopo.

Ukipakia mwenyewe moja kwa moja, vipande 80 badala ya 29 maana yake gigabaiti 10 za harusi zinatoka mlangoni zikiwa karibu 28. Laini yangu hupandisha megabiti 2 kwa sekunde, kwa hiyo ni saa 31, umeme usipokatika. (Unaweza kuzipitisha kwenye seva yao zikakatwe huko. Lakini si wenye seva ndio niliowakimbia?) Kila kipande kina safari yake, na kila safari lazima iandikwe kwenye daftari la ruta. Daftari lenyewe dogo. Likijaa, mheshimiwa hagombi. Anawasha taa nyekundu, anatafakari.

Sasa usawa wake. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, alikuwa akinakili mafaili nyumbani kwake akaona intaneti yote imezama. Akagundua kwamba vifaa vyetu hupokea kila kitu, havitupi chochote, vinarundika foleni ndefu kwenye kumbukumbu zao. Dawa ipo: kanuni ya kupanga foleni iitwayo fq_codel, iliyochapishwa rasmi 2018, huwapisha wenye mizigo midogo. Ruta yangu haijaisikia, nami nashukuru. Pale Custom, hapa Juba, gari la V8 la mkubwa likitokea sisi wa boda tunaingia mtaroni. Kwenye ruta yangu hakuna V8. Sauti ya mama kutoka Mombasa inapanga mstari nyuma ya picha ya 412 ya bwana harusi akilishwa keki. "Haloo?" Sekunde nne. "Haloo, mwanangu?" Hivyo hajawahi kufika mwisho wa swali la nitaoa lini.

Mkongo wa mawasiliano ulivuka Uganda ukafika Juba mwaka 2020, watu wakashangilia. Safari yote hiyo, ije kusimama hatua tatu kutoka kitandani kwangu!

Jana bibi harusi alichoka kungoja, akamtuma kaka yake kwa boda na flashi. Dakika 20, picha zote ndani, hakuna kipande kilichopotea. Mjusi hakuamka.