Sifa za Giaboksi Inayochemka

Sifa za gari hugawiwa kwa upendeleo. Injini husifiwa mlio, matairi husifiwa ukubwa, na bampa la chuma husifiwa kwa kuwatisha bodaboda. Giaboksi otomatiki ya pikapu iliyobadilishwa, ile inayochemka katikati ya mlima, huambulia matusi. Leo nasimama upande wake.

Huku kwetu Namswea, msimu wa kahawa ukijibu, mwenye pikapu haliachi gari lilivyotoka kiwandani. Linanyanyuliwa, linaongezewa pasi za springi nyuma, linavalishwa matairi mapana, mbele linafungwa bampa na taa nne. Giaboksi haiulizwi. Matairi makubwa yanaiongezea kazi, magunia yanaizidishia, na lile bampa na taa zake vinakinga upepo wa kwenye rejeta, ambako oili yake nayo hupita kupozwa.

Ndani yake hakuna klachi ya kukanyaga. Kuna mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya oili: la kwanza linazungushwa na injini, nalo linaisukuma oili ili izungushe la pili. Mlimani, mzigo ukizidi na mwendo ukipungua, la pili linabaki nyuma, na nguvu isiyofika matairini inageuka joto. Oili iliyozoea nyuzi 80 hadi 95 inavuka 120, wekundu wake unakuwa weusi, na harufu ya kuungua inawafikia abiria wa nyuma kabla ya dereva. Mafundi hukadiria kuwa kila nyuzi 10 zikizidi, umri wa oili hupungua nusu.

Kutoka Mbamba Bay, kando ya ziwa, kupanda hadi Mbinga ni kilomita 66 hivi. Ziwa liko karibu mita 470 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Umatengo kwingine hufika 2,000. Lami ilipokamilika, wengine walidhani na kilima kimekwisha. Lami iliondoa tope tu. Wazee wa Kimatengo waliuheshimu mteremko: walichimba ngoro, mashimo yaliyopangwa shamba zima ili maji ya mvua yatulie kabla ya kuondoka na udongo. Mjukuu wao ameutazama mteremko uleule, akaongeza saizi ya tairi. Nani basi amebaki na mila ya kupumzisha vitu mlimani, kama si giaboksi?

Na fadhila zake! Usipa uliokuwa uuzwe kwa bei ya mjini unafunguliwa kwenye kona na kuuzwa kwa bei ya huruma. Ndizi za mama wa kando ya barabara zinaisha. Abiria walionuniana tangu ziwani wanaanza kuulizana ukoo. Mizani huweza kukwepwa usiku. Giaboksi haikwepeki, na mheshimiwa hushuka sawa na mchuuzi.

Wapo wachoyo wanaotaka kuinyamazisha. Wanaifungia rejeta yake ndogo ya pembeni, wanabadilisha oili mapema, wanapanda kwa gia ndogo, tena wanapunguza magunia. Watu hao hufika Mbinga mapema na hawajui habari ya mtu yeyote.

Mwenye pikapu wetu husimama, huzima injini mara moja na kuomba maji ya kumwagia. Fundi humwambia kila mara: usizime, weka N, iache ingurume, pampu izungushe oili hadi ipoe. Mwenye gari hutazama kwanza mshale wa dizeli, kisha anauliza kama abiria hawawezi kuchangia.